Kukagua Printa ya Mtandao Kabla ya Kuchapisha: Hodi Peke Yake Haitoshi

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho chuoni hakifundishwi na kazini hakikosekani: printa.

Swali lenyewe ni rahisi kuuliza. Programu yangu inataka kuchapisha kwenye printa iliyo kwenye mtandao. Nitajuaje kwamba printa hiyo ipo na iko tayari, kabla sijaitumia kazi?

Jibu fupi: kujua kwa uhakika wa asilimia mia huwezi. Jibu refu ni kwamba unaweza kujua vya kutosha, na pale usipoweza kujua, unaweza kuipanga programu yako isimuumize mtu. Nasema "kumuumiza mtu" kwa maana kamili. Watu hudhani printa ikigoma hasara ni karatasi tu. Mimi nimeona printa ikila mshahara wa mtu kwa miezi mitatu.

Hadwea yenyewe

Mfano wangu unatoka kwenye hadwea moja hapa Timbwani, Likoni. Wanauza simiti, mabati, misumari, rangi, mabomba. Jina la duka halina haja. Mbele kuna kaunta mbili, kila moja na kompyuta yake. Hapo ndipo unapolipa. Nyuma, ukivuka ua, kuna dirisha la stoo, na hapo ndipo unapopokea mzigo. Printa ya risiti, ile ndogo ya karatasi ya milimita 80 inayochapisha kwa joto bila wino, haiko kaunta. Iko dirishani stoo, imeunganishwa kwa waya hadi kwenye ruta. Ukilipa mbele, risiti inatoka nyuma. Kijana wa stoo anaisoma, anapakia mzigo, anakukabidhi risiti yako, unaondoka.

Mpangilio ni mzuri. Mteja hawezi kuja stoo na karatasi aliyojichapishia mwenyewe. Lakini angalia jambo moja: dada anayebonyeza kitufe cha kuuza haioni printa. Yeye anaona kioo cha kompyuta tu, na kioo kikisema "Imechapishwa" hana njia ya kukibishia.

Mwenye duka, ambaye sote twamwita ami, aliniita siku moja.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Keti. Nataka uniangalizie hii kompyuta, nione huyu msichana aniibia vipi."

Sikilizeni vizuri swali hilo. Hakuuliza kama anaibiwa. Aliuliza anaibiwa vipi. Hesabu za programu zilikuwa zinaonyesha mauzo makubwa kuliko pesa zilizo kwenye droo, mara kwa mara, na karibu kila mara kwenye kaunta ya dada yule yule, ambaye ndiye hukaa zamu ya jioni. Kila pengo lilikatwa kwenye mshahara wake. Na ami alikuwa na shaka nyingine, kwamba dada na mmoja wa vijana wa stoo wanashirikiana: risiti mbili, malipo moja, mizigo miwili.

Nikaenda kuongea na dada mwenyewe.

"Kaka, mimi nikibonyeza yaniambia imechapishwa. Mteja aenda stoo, arudi aniambia kule hakuna kitu. Nifanyeje? Nabonyeza tena."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote. Programu ile, iliyonunuliwa miaka michache nyuma kutoka kwa fundi mwingine, haikuwa na kitufe cha kuchapisha upya. Njia pekee ya kupata karatasi ilikuwa kuuza tena. Mauzo mawili kwenye hifadhidata, pesa moja kwenye droo.

Na kuna KRA

Zamani hilo lingekuwa suala la duka peke yake. Siku hizi sivyo. Kenya ilianza na mashine za ETR mwaka 2005, na mwaka 2023 KRA ikaleta eTIMS, ambapo programu ya mauzo inatuma ankara kwa KRA kwa mtandao na kurudishiwa saini na msimbo wa QR wa kuweka kwenye risiti. Tangu 1 Januari 2024, mfanyabiashara anayetaka gharama yake ikubalike kwenye hesabu ya kodi ya mapato lazima awe na ankara ya eTIMS, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa. Ndiyo maana makontrakta wanaonunua simiti hawaondoki bila risiti hiyo.

Sasa fuateni mpangilio. Dada anabonyeza. Ankara inakwenda KRA kwanza, kwa sababu bila jibu la KRA hakuna QR ya kuchapisha. Kisha ndipo programu inageukia printa. Printa ikiwa haina karatasi, ankara imeshafika. Akibonyeza tena, ankara ya pili inakwenda. Mauzo ya shilingi 11,600 yana VAT ya shilingi 1,600 ndani yake, kwa kiwango cha asilimia 16. Ankara mbili ni shilingi 3,200 za VAT kwa mzigo mmoja. Na ankara iliyokwisha kwenda haifutwi. Unairekebisha kwa krediti noti, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo programu ya ami ilikuwa inamtoza kodi mara mbili, na papo hapo inamfanya mfanyakazi wake aonekane mwizi. Yote kwa sababu ya neno moja kwenye kioo: "Imechapishwa".

Windows haijui

Watu wengi huanza kwa kuiuliza Windows. Ni kawaida, maana Windows ina orodha ya printa na kila moja ina hali yake. Ukitumia darasa la Win32_Printer unapata sehemu kadhaa: PrinterStatus, WorkOffline, DetectedErrorState. PrinterStatus ikirudisha 3, maana yake printa imetulia, inasubiri kazi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi Windows inakueleza habari za foleni yake, si habari za printa. Chomoa waya wa printa ya mtandao kisha uliza tena. Mara nyingi bado utapata 3. Mpaka kazi itumwe na ishindikane ndipo hali inabadilika, na wakati mwingine hata hapo haibadiliki.

Kuna na kinyume chake. Kwenye mipangilio ya porti ya TCP/IP ya Windows kuna kisanduku cha kuwasha hali ya SNMP. Kikiwa kimewashwa, Windows inauliza printa kwa SNMP. Printa nyingi ndogo za risiti hazijui SNMP ni nini, kwa hiyo hazijibu, na Windows inaamua kwamba printa haipo hewani wakati ipo na ni nzima! Kama umewahi kuona printa ya risiti imeandikwa haipo huku inachapisha vizuri kutoka kompyuta nyingine, angalia kisanduku hicho kwanza.

Wenzetu wa .NET na Java wana mitego yao. IsValid ya PrinterSettings inakuambia tu kwamba jina la printa limesajiliwa kwenye kompyuta. Waya umechomolewa, karatasi hakuna, stima imepotea, yenyewe inasema kweli tupu.

Hatua ya kwanza: hodi

Basi tuiendee printa yenyewe. Hatua ya kwanza ambayo kila mtu anaijua ni kupiga pingi. Pingi ni hodi. Unasimama mlangoni, unasema hodi, mtu anaitikia karibu. Umejua nini? Umejua kuna mtu ndani. Hujajua ni nani.

Huo si mzaha. Pale hadwea, ruta ilikuwa inagawa anwani za IP kwa DHCP, na printa nayo ilikuwa inapokea anwani kama kifaa kingine chochote. Huku kwetu stima ikipotea na kurudi, kila kitu kinawaka kwa pamoja. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya anwani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kwa hiyo zikiwaka zinagawa upya kwa anayewahi. Siku moja tulikuta printa iliyokuwa 192.168.1.23 imehamia 192.168.1.31, na 23 imechukuliwa na simu ya mtu. Ukipiga pingi 23, jibu linakuja safi kabisa. Ni simu inayoitikia hodi ya printa.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji programu hata mstari mmoja. Ingia kwenye ruta, ihifadhie printa anwani yake kwa kutumia anwani ya MAC, au ipe printa anwani ya kudumu iliyo nje ya zile zinazogawiwa. Ukifanya hilo peke yake umeondoa matatizo mengi ya printa zinazopotea.

Na jueni pia kwamba baadhi ya vifaa huzimwa visijibu pingi. Kwa hiyo pingi ikikosa jibu haithibitishi kwamba printa haipo, na ikipata jibu haithibitishi kwamba ipo. Mimi huitumia ninapotafuta tatizo, siitumii ndani ya programu.

Hatua ya pili: kufungua mlango

Hatua ya pili ni kujaribu kufungua muunganisho wa TCP kwenye porti ya printa. Porti ziko tatu za kukumbuka:

- 9100: data inaingia mbichi, kama ilivyo. Ilienea kupitia kadi za JetDirect za HP, na karibu kila printa ya risiti ya mtandao inaitumia.
- 515: LPD, itifaki ya zamani ya Unix, iliyoelezwa kwenye RFC 1179 ya mwaka 1990.
- 631: IPP, itifaki ya kisasa zaidi, ambayo ndiyo msingi wa CUPS.

Porti ikifunguka umepiga hatua. Simu ya mtu haitakufungulia 9100. Lakini zingatieni mambo mawili.

Kwanza, muda wa kusubiri. Usipouweka mwenyewe, Windows kwa kawaida itajaribu kwa sekunde kama 21 kabla ya kukata tamaa, na Linux itaendelea kwa zaidi ya dakika mbili. Dada wa kaunta akiona kioo kimeganda kwa sekunde 21 na foleni ya watu mbele yake, atabonyeza tena. Ndani ya mtandao wa duka sekunde 2 zinatosha kabisa.

Pili, printa nyingi ndogo hukubali muunganisho mmoja tu kwa wakati. Kaunta ya pili ikiwa inachapisha, wewe utakataliwa au utasubirishwa. Hiyo printa si mbovu, ina mgeni tu. Jaribu mara tatu, ukipumzika sekunde moja katikati, kabla ya kutangaza msiba. Na ukimaliza kazi yako funga muunganisho. Programu inayoshikilia soketi siku nzima inawafungia wenzake nje.

Hatua ya tatu: muulize ana nini

Mlango umefunguka. Sasa uliza swali lenyewe: una karatasi? Kifuniko kimefungwa?

Printa za risiti zinazoelewa amri za ESC/POS za Epson, na nyingi za makampuni mengine zinazielewa, zina amri ya hali ya papo kwa papo. Unatuma baiti tatu: 10 04 na namba, zote kwa heksadesimali, na printa inarudisha baiti moja. Namba 2 inauliza sababu ya kutokuwa hewani, namba 4 inauliza kihisio cha karatasi. Kwa Python inakuwa hivi:

import socket

def hali_ya_printa(ip):
    try:
        s = socket.create_connection((ip, 9100), timeout=2)
    except OSError:
        return "haipatikani"
    with s:
        s.settimeout(2)
        try:
            s.sendall(b"\x10\x04\x02")
            sababu = s.recv(1)
            s.sendall(b"\x10\x04\x04")
            karatasi = s.recv(1)
        except OSError:
            return "haijibu"
    if not sababu or not karatasi:
        return "haijibu"
    if sababu[0] & 0x04:
        return "kifuniko kiko wazi"
    if karatasi[0] & 0x60:
        return "karatasi imeisha"
    if sababu[0] & 0x40:
        return "hitilafu"
    if karatasi[0] & 0x0C:
        return "karatasi inakaribia kuisha"
    return "sawa"

Jaribuni kwenye printa yenu kabla ya kuiamini. Kuna printa za bei nafuu ambazo hazijibu amri hii kupitia mtandao, na nyingi hazina kihisio cha karatasi inayokaribia kuisha. Fungua kifuniko, endesha, tazama jibu. Toa karatasi, endesha, tazama. Dakika kumi tu.

Kwa printa kubwa za ofisini njia ni nyingine. Ukitumia SNMP, uliza hrPrinterStatus (3 imetulia, 4 inachapisha, 5 inapasha moto) pamoja na hrPrinterDetectedErrorState, ambayo biti zake zinakuambia karatasi imeisha, tona imeisha, mlango uko wazi au karatasi imekwama. Ukitumia IPP, uliza printer-state (3 imetulia, 4 inafanya kazi, 5 imesimama) pamoja na printer-state-reasons, ambayo inakupa sababu kwa maneno. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua IPP. Majibu yake yanasomeka bila kuhesabu biti.

Feri ikiwa upande wa huku

Umeuliza, printa imejibu "sawa". Sasa tuma risiti. Umemaliza? Hapana.

Wenzangu wa Likoni mnajua jambo hili bila kusoma kompyuta. Uko juu kwenye matatu, unaiona feri imetia nanga upande wa huku, milango wazi, watu wanapanda. Unashuka mteremko mbio. Ukifika, geti limefungwa. Ulichokiona kilikuwa kweli ulipokiona. Hakikuwa kweli ulipofika.

Kati ya kuuliza hali na kutuma risiti kuna muda, hata kama ni nusu sekunde. Karatasi inaweza kuisha katikati ya risiti. Stima inaweza kupotea. Hakuna ukaguzi wa kabla, hata uwe mzuri vipi, unaoweza kuziba pengo hilo. Unapunguza tu.

Na kuna udanganyifu mwingine uliokuwa ndani ya programu ile ya zamani. Ilikuwa inafungua 9100, inatuma data, kisha ikiona kutuma kumefanikiwa inaandika "Imechapishwa". Lakini kutuma kukifanikiwa maana yake ni kwamba data imeingia kwenye bafa ya kompyuta yako mwenyewe. Hata ikifika kwenye printa, inaweza kukaa kwenye bafa ya printa ikisubiri karatasi. Ndicho kilichokuwa kinatokea. Karatasi imeisha, dada anabonyeza mara mbili, risiti mbili zinasubiri ndani ya printa. Kijana wa stoo akiweka rola mpya, zinatoka zote mbili kwa mfuatano, zenye namba tofauti na mzigo ule ule. Yeye anampa mteja moja. Ya pili je? Tutaifikia.

Thibitisha baada ya kuchapisha

Kwa hiyo ukaguzi wenye thamani zaidi ni ule wa baada. Mwisho wa data ya risiti, ongeza amri ya GS r, yaani baiti 1D 72 01. Tofauti na ile ya kwanza, hii haijibiwi papo hapo. Inapanga foleni nyuma ya risiti, na printa inaijibu ikiifikia. Jibu likija, printa imekwisha kupitia data yote iliyokuwa mbele yake. Karatasi ikiisha katikati, printa inasimama na jibu haliji.

Mtu yeyote anayeuza duka anaielewa kanuni hii kutokana na M-Pesa. Mteja anakuonyesha simu yake, anasema nimetuma. Wewe unasubiri mesej kwenye simu yako. Uthibitisho unatoka upande unaopokea, hautoki upande unaotuma.

Sasa panga hifadhidata yako ifuate ukweli huo. Mimi nilifanya hivi:

Kwanza, kuuza na kuchapisha ni mambo mawili. Mauzo yakikubaliwa na kupata saini ya KRA, yamekwisha. Hayarudiwi kwa sababu yoyote ya karatasi.

Pili, kila risiti inaingia kwenye jedwali la kuchapisha ikiwa na hali moja kati ya tatu: bado, imethibitishwa, haijulikani. Ile ya tatu ndiyo muhimu na ndiyo inayosahauliwa. Jibu lisipokuja ndani ya sekunde 10, programu haisemi imechapishwa wala haisemi imeshindikana. Inasema haijulikani, uliza stoo.

Tatu, kuna kitufe cha kuchapisha upya. Kinachapisha ankara ile ile, namba ile ile, QR ile ile, na juu yake neno NAKALA kwa herufi kubwa. Kijana wa stoo akiona NAKALA anaangalia kama mzigo wa namba hiyo umeshatoka.

Nne, ukaguzi wa kabla unafanywa kila sekunde 30 nyuma ya pazia, na matokeo yake yanaonekana kwenye kona ya kioo cha kaunta: "Printa ya stoo: karatasi imeisha". Dada anaona kabla mteja hajatoa pesa, anapiga kelele stoo waweke rola. Hapa ndipo kukagua kabla kunapolipa. Hakukuhakikishii kwamba itachapisha, bali kunawapa watu nafasi ya kurekebisha mapema.

Na kama printa haipo kabisa? Usizuie mauzo. Acha auze, risiti zisubiri kwenye jedwali, zitoke printa ikirudi. Zikitoka kwa kuchelewa zitatoka moja moja, zenye namba zake halali.

Zile risiti za pili

Nilitafuta kwenye hifadhidata mauzo yanayofanana kwa bidhaa, kiasi na kaunta, yaliyopishana kwa chini ya dakika tano. Nikapata jozi 19 katika miezi mitatu. Hiyo peke yake haithibitishi kitu, ndivyo ami alivyoniambia, na alikuwa sawa. Mwizi angeacha alama ile ile.

Lakini stoo kuna msumari ukutani. Kijana wa stoo, risiti ikitoka na hakuna mtu wa kuidai, hakuitupa wala hakuigawa. Aliichoma pale kwenye msumari. Karatasi ya risiti hupauka kwa mwanga, na kwa jua la Timbwani nyingine zilikuwa zimebaki kama karatasi tupu, ila ukiinamisha kwenye mwanga namba inasomeka. Katika zile jozi 19, tulipata risiti 14 za pili, zimechomwa msumarini, hazijawahi kuchukua mzigo.

Nikamwekea ami mezani, moja baada ya nyingine, kila moja na jozi yake. Alizitazama muda mrefu.

"Na hizi tano?"

"Ami, hizo sijazipata. Lakini zina sura ile ile."

Akamrudishia dada pesa za zile 14 siku ile ile. Za tano akasema zitaangaliwa. Mhasibu wake akazitolea krediti noti zile 14 kwanza, kisha na zile 5, maana kwa KRA zilikuwa na maelezo ya kutosha. Hapo dada akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza: kama KRA waambiwa hizo tano hazikuwa mauzo, mbona kwake zimehesabiwa mauzo? Ami hakujibu. Wiki iliyofuata akalipa. Mwisho wa mwezi dada akapata kazi Ukunda akaenda, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa ufupi

Ipe printa anwani ya kudumu. Usiiamini hali inayotoka Windows. Pingi ni ya kutafutia tatizo, haitoshi kuamulia. Fungua porti kwa muda mfupi wa kusubiri, uliza karatasi na kifuniko, onyesha jibu mahali mtu wa kaunta analiona. Baada ya kuchapisha, subiri jibu la printa kabla ya kuandika neno "Imechapishwa". Usipolipata, andika "haijulikani", kwa sababu ndiyo kweli. Na usiandike kamwe programu ambayo njia pekee ya kupata karatasi ya pili ni kuuza mara ya pili.

Printa zinazozungumza amri hizi ni nyingi na tabia zake hazilingani, kwa hiyo jaribuni na vifaa vyenu wenyewe, mkichomoa waya na kutoa karatasi kwa makusudi, kabla mteja hajafanya majaribio hayo kwa niaba yenu.

Kazi njema, na wekeni rola za akiba karibu na printa.